Hati ya babu na shamba la leo

Ndugu mkulima wa Konde, huenda sandukuni mwako mna karatasi ya shamba la mikarafuu tangu enzi za Sultani na Waingereza. Isome vizuri: babu alinunua miti tu, au na ardhi yake? Zamani viliweza kuwa na wenyewe wawili.

Huko mwambao wa Kenya, uliokuwa pia wa Sultani, sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wapeleke madai yao. Aliyethibitishiwa alipewa cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Ndiyo sababu moja ya watu wengi Kilifi kuitwa maskwota mpaka leo, katika mashamba waliyolima wazee wao.

Kwetu ilikuwa vingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na mashamba yaliyochukuliwa yakagawiwa eka tatu tatu. Sheria Namba 12 ya 1992 nayo inasema ardhi ni ya umma. Wewe unapata haki ya matumizi, kwa kutambuliwa, kupewa na Serikali, kurithi, kununua au kupewa zawadi.

Basi hati ya babu ni ushahidi. Peke yake haimwondoi mwenye eka tatu. Siku ya utambuzi, nenda nayo kwa sheha, pamoja na karatasi za mirathi na majirani wanaoujua mpaka. Nawe mfanyabiashara, ukiletewa hati kama hiyo iwe rehani, kwanza nenda shambani ukaulize nani anachuma karafuu.