Hadithi Ipelekwe Wapi?

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Desemba, mjukuu wangu wa kike alinijia barazani akiwa na karatasi mkononi. Baada ya kuniamkia akasema, "Babu, nimetunga hadithi. Ina jini na mti unaosema. Sasa niipeleke wapi?" Nilicheka kwa furaha, kisha kicheko kikanikauka. Swali lile lile niliulizwa mwaka 1982, na jibu nililolitoa siku ile limenikaa moyoni hadi leo.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo cha ualimu, miaka mingi kabla sijawa mkuu wa chuo. Jioni moja alinijia mwanachuo wa mwaka wa pili, kijana mpole kutoka Ukerewe, akanikabidhi daftari nene lenye jalada gumu, lile tuliloliita kauntabuku. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino hadithi ya kijiji kilichoko chini ya ziwa. Wakazi wake ni watu waliozama. Huko chini wanalima, wanaoza binti zao, wanagombana juu ya mipaka ya mashamba. Kuna karani mmoja anayeandika majina ya wageni wanaoshuka, na siku moja karani huyo analikuta jina lake mwenyewe kitabuni, ilhali hajafa.

Nililisoma daftari lile usiku mmoja, na sikulala mapema. Lakini asubuhi nilimwita kijana, nikamwambia maneno ambayo niliyaona ya hekima. Nilimwambia kwamba taifa linahitaji hadithi za maendeleo, si za mizimu; kwamba karatasi ni haba; na kwamba hata kama hadithi ni nzuri, haina kwa kupelekwa. Akapokea daftari lake kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaenda zake.

Ndugu msomaji, ningependa tutazame kama maneno yale yalikuwa kweli.

Kwamba hadithi za ajabu si mali yetu, hilo halikuwa kweli hata kidogo. Majini, wanyama wanaosema na miji iliyogeuka mawe vimo katika Kiswahili tangu kale. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na humo viumbe vya ajabu vimejaa tele. Bibi zetu walizisimulia penye moto bila kumwomba mtu ruhusa. Wahakiki siku hizi huziita fantasia. Jina ni jipya, jambo lenyewe ni la zamani.

Na tazama mwandishi tunayemtanguliza mbele ya wote. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alipotaka kusema juu ya dhuluma, hakuandika juu ya wilaya yake wala mkubwa wake wa kazi. Aliandika Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Mwaka uliofuata ukaja Adili na Nduguze, kisa cha mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa manyani. Ni fantasia tupu, na ndani yake mna ukweli ambao pengine usingeweza kupita mlango mwingine. Mimi niliifundisha Kusadikika mwaka hata mwaka. Nilisimama mbele ya darasa nikiisifu nchi ya angani, na jioni nikamkataza kijana nchi yake ya chini ya maji. Laiti ningaliona kichekesho hicho siku ile!

Lakini lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni anwani. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951 na Nelson, kampuni ya Uingereza. Adili na Nduguze ilitolewa na Macmillan wa London mwaka 1952. Kabla ya hapo, mashairi ya Pambo la Lugha yalichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Fikiri juu ya karani wa Tanga ambaye maneno yake hayana budi kuvuka bahari, au kuteremka hadi kusini kabisa mwa bara, ndipo yarudi kwa jirani yake yakiwa kitabu. Na mara nyingine kurudi kwenyewe kulichelewa. Kufikirika, riwaya yake nyingine ya nchi ya kubuni, ilitoka mwaka 1967, na mwandishi alikuwa amekwisha fariki mwaka 1962.

Wale waliokosa njia ya kufika London walikuwa na milango midogo ya karibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea hadithi, mashairi na barua za wasomaji, na watu wengi waliliona jina lao chapani kwa mara ya kwanza humo. Mwaka 1948 ikaundwa Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyochapa na kusambaza vitabu katika lugha zetu. Halmashauri hiyo iliitisha shindano la hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958, na mshindi akawa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kama kitabu mwaka 1960. Jina linanukia mizimu, lakini ndani yake ni riwaya ya upelelezi. Bwana Msa na kiko chake anaonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna binadamu. Ninalotaka msomaji alishike ni hili: bila tangazo la shindano, huenda Bwana Msa asingalifika kwetu. Mtungaji alikuwapo. Tangazo ndilo lililompa mahali pa kupeleka.

Kisha milango ikaanza kufungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Halmashauri ile nayo ilikwenda na maji. Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na baada yake ukaja uhaba ambao wazee wenzangu hawahitaji kukumbushwa: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na madaftari ya shule kwa kugawana. Kwa hiyo nilipomwambia kijana yule mwaka 1982 kwamba karatasi ni haba, sikusema uongo.

Uongo ulikuwa katika neno la mwisho, kwamba hadithi haina kwa kupelekwa. Mimi nilikuwa mlezi wa gazeti la ukutani la chuo. Kila wiki mbili tulibandika kurasa nne au tano ukutani karibu na bwalo la chakula, na wanachuo karibu mia tatu walisimama kusoma sahani zikiwa mikononi. Ufunguo wa chumba chenye mashine ya kudurufu ulikuwa mfukoni mwangu. Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha watoto cha Mama na Mwana, kilichosimulia hadithi za ajabu nchi nzima ikisikiliza, na barua ya kwenda huko ilihitaji stempu moja tu. Milango ilikuwapo, midogo lakini ilikuwapo, na mmojawapo nilikuwa mimi mwenyewe. Niliufunga, nikadhani ninamfundisha mtu.

Miaka minane tu baadaye mambo yaliniumbua. Mwaka 1990 Euphrase Kezilahabi, ambaye tulimzoea kwa riwaya za maisha ya kawaida kama Rosa Mistika, alitoa Nagona, na mwaka 1991 akatoa Mzingile. Ni vitabu vyembamba, na msomaji hujikuta safarini mahali pasipo na ramani, akikutana na mambo ya ndotoni. Vyote viwili vilichapwa hapa hapa nchini, na mashine ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed akatoa Babu Alipofufuka, ambamo mzee anatoka kaburini kuja kumwuliza mjukuu wake mkubwa wa cheo amefanya nini na nchi. Mwaka 2002, huko Kenya, Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu!, safari nyingine ya ajabu. Wakufunzi vijana waliniletea vitabu hivi ofisini wakiwa na macho yanayong'aa. Nilivisoma, na katika kila kimoja nilimwona yule karani wa chini ya ziwa.

Nilikutana tena na kijana wangu mwaka 2011, katika msiba wa mwalimu mwenzetu. Mvi zilikuwa zimemjaa, naye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Tulipokaa chini ya mwembe nilimwuliza habari za daftari. Akatabasamu. "Lile liliisha kwa mchwa, Mwalimu. Lakini hadithi yenyewe huwasimulia watoto wa darasa la tatu kila mwaka. Imekuwa na miisho mingi hata sikumbuki ule wa kwanza." Nikamwomba msamaha, naye akanizuia kwa mkono, kama desturi yetu inavyomtaka mdogo amzuie mkubwa. Nikamsihi aiandike upya. Akajibu kwa upole kwamba mkono wake umekwisha zoea kuandika maazimio ya kazi tu. Sikuwa na la kuongeza.

Ndiyo maana hunifurahisha kuona leo kitabu kipya cha hadithi za ajabu kikizinduliwa, hata kama mwandishi simjui na jalada silipendi. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, na zawadi zake za kwanza zikatolewa baadaye. Miswada kadhaa iliyoshinda imekuwa vitabu. Aprili 2023, kwa mara ya kwanza, ikatolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Wizara ya Elimu. Sisemi kwamba milango sasa ni mipana. Wanaobisha ni wengi, wanaoingia ni wachache. Lakini mtoto akiuliza hadithi ipelekwe wapi, mtu mzima hana tena haki ya kujibu kwamba haina kwa kupelekwa.

Na tuzo pekee hazitoshi. Kitabu kisichonunuliwa hufunga mlango kwa kinachofuata, kwa kuwa mchapishaji naye ana watoto wa kulisha. Anayetaka hadithi za ajabu ziendelee kuandikwa na anunue moja kwa mwaka, amsomee mtu kwa sauti, kisha amwazime jirani na kumdai. Walimu nao warudishe gazeti la ukutani. Ukurasa mmoja uliobandikwa karibu na bwalo waweza kumfanya mtu kuwa mwandishi, na neno moja la mkufunzi laweza kumfanya asiwe.

Nami nilimketisha mjukuu wangu, nikamwambia anisomee hadithi yake yote, kutoka jini hadi mti. Ilikuwa na makosa ya tahajia kumi na saba, na sikumtajia hata moja hadi alipomaliza. Kisha tulikaa siku mbili kuinakili kwa hati safi. Tulisoma masharti ya shindano moja la watoto, neno kwa neno, maana kazi nyingi hukataliwa kwa kuzidi kurasa au kwa kukosa jina. Tulibaki na nakala moja nyumbani, na nyingine tukaitia katika bahasha ya kaki, tukaenda posta pamoja.

Jibu halijaja. Kila Jumamosi hunipigia simu kuniuliza, nami humwambia asubiri, na wakati anasubiri aanze nyingine. Juzi aliniambia ameianza. Nikamwuliza inahusu nini. Akasema inahusu babu mmoja aliyekuwa na ufunguo mfukoni akausahau.

Sikumbuki kama niliwahi kumsimulia.