Chapa Inayotoka Mara Moja Tu

Sisi wa magazetini tunaijua chapa kwa jambo moja: kuzidisha. Mashine ikitoa nakala moja ikagoma, siku imeharibika. Ndiyo maana monotaipu inanivutia. Ni chapa inayotoka mara moja, basi.

Hapa msanii hachongi bamba wala haliunguzi kwa asidi. Anapaka wino juu ya bamba laini, analaza karatasi yenye unyevu, anabana kwa mashine. Karatasi ikiinuliwa imeondoka na karibu wino wote. Ukirudia, unapata kivuli tu.

Historia inamtaja Giovanni Benedetto Castiglione wa Genoa kuwa mwanzilishi, miaka ya 1640. Katika picha yake ya kuumbwa kwa Adamu alilifunika bamba kwa weusi, kisha akaukwangua wino mpaka mwanga ukatokea. Yaani aliumba kwa kuondoa giza.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, Paris, Edgar Degas alifundishwa mbinu hii na rafiki yake Ludovic Lepic. Bamba lao la kwanza walilitia saini wote wawili. Degas akanogewa, akatengeneza zaidi ya picha 300. Alifuta wino kwa matambara na vidole, na alama za vidole hivyo bado zinaonekana. Wanawake wanaoga kwenye mwanga hafifu, nyuso zinayeyuka, ukuta na mwili havitenganishwi. Unatazama kama mtu aliyeamka usiku, bado yumo ndotoni.

Wapo wanaosema eti ukungu ule ulitokana na macho yake kudhoofika. Ni kweli yalikuwa yanadhoofika, ila sikubaliani nao. Miaka hiyohiyo alichora wachezaji wa baleti kwa mistari mikali kabisa. Ndoto ile ilitoka kwenye wino wenyewe: unateleza, unafutika, unamruhusu mtu abadili mawazo hadi dakika ya mwisho. Halafu mashine inafunga mjadala.

Na kile kivuli cha pili? Mara nyingi hakukitupa. Alikipaka rangi za pasteli juu, kikawa picha nyingine. Picha zake nyingi za madanguro hazikuonekana hadharani mpaka alipofariki mwaka 1917. Baadhi zilikuja kununuliwa na Picasso.

Hebu zitafute mtandaoni, uzikuze mpaka uone vidole. Mimi huanzia hapo.