Haki za binadamu hazikuletwa na wafadhili: ushahidi wa majirani wa Mwenge

Taasisi nyingi kubwa zilizopigania haki Tanzania Bara kwa miaka 40 iliyopita ziko jirani na Mwenge, Dar es Salaam. Ukipanda Barabara ya Sam Nujoma unafika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako msaada wa sheria wa bure ulianza zamani. Ukibaki Kijitonyama unakuta makao ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, katika jengo lenye jina la Jaji Kahwa Lugakingira, aliyeamua mwaka 1994 kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kiko Sinza Mori. Mtandao wa Jinsia, TGNP, uko Mabibo. Historia ya ujirani huu inapaswa kukumbukwa kila inaposemwa, na husemwa mara nyingi serikali na wanaharakati wanapovutana, kwamba haki za binadamu ni mazao ya wafadhili yaliyoingia na mageuzi ya miaka ya 1990. Ushahidi unaonyesha vingine. Utetezi huu ulianzia kwenye migogoro ya nyumbani: mali ya ndoa ni ya nani, mjane ataishi wapi, mke aliyepigwa ashitaki kwa nani. Walioubeba mwanzoni walikuwa walimu, wanahabari, hata kina mama wa chama tawala.

Kitivo cha Sheria kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani baadaye. Kufikia mwishoni mwa muongo huo walimu wake walikuwa wameunda Kamati ya Msaada wa Sheria, ikiwahudumia watu wasiomudu wakili. Nchi ilikuwa ya chama kimoja na Katiba haikuwa na sura ya haki ambayo raia angeweza kuipeleka mahakamani. Kilichokuwepo ni sheria za kawaida, mojawapo ikiwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Ni juu ya sheria hiyo ulipojengwa uamuzi ambao hadi leo hutajwa katika mashauri ya talaka nchini: mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa ilionekana alikwisha kupewa fedha za mradi wa familia akazitumia vibaya. Alishindwa yeye, lakini kanuni aliyoipigania imewafaa wanawake wengine waliokuja baada yake. Sura ya haki iliingizwa katika Katiba mwaka mmoja baadaye, 1984, na hata hapo mahakama zilizuiwa kuitumia hadi 1988.

Ndipo wanawake wenyewe wakajipanga. Mwaka 1987 wanahabari, akiwemo Fatma Alloo, waliunda TAMWA, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti kwa heshima ya Siti binti Saad, malkia wa taarab wa Zanzibar. Mwaka 1989 shirika la uchumi la wanawake wa chama tawala, SUWATA, lilianzisha huduma ya msaada wa sheria jijini. Kutoka humo ndiko kilikozaliwa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa. Kituo ambacho baadaye kingeishitaki serikali kilichipuka ndani ya jumuiya ya chama chenyewe, kwa sababu waliokuwa wakihudumia wanawake waliona matatizo ambayo kaulimbiu za mikutano hazikuyatatua. Shinikizo la makundi haya lilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 fedha nyingi za taasisi hizi zimetoka nje, na utegemezi huo umezidhuru: ripoti zikaandikwa kwanza kwa ajili ya mfadhili, mradi ukaisha fedha zilipoisha. Hilo ni kosa la kukosolewa. Lakini fedha za nje hazithibitishi kwamba dai ni la nje, la sivyo hata serikali ingekuwa ya kigeni. Mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kule Hanang yalijengwa kwa msaada wa Kanada. Wafugaji wa Kibarabaig waliosukumwa kutoka malisho yao ndio waliokwenda mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikabatilisha ushindi wao mwaka 1985. Hapo msaada wa kigeni ulikuwa upande wa dola. Na Baraza la Wanawake, BAWATA, lililoongozwa na Anna Tibaijuka, lilifutwa mwaka 1997 kwa madai ya kufanya siasa, baada ya kuwahamasisha wapiga kura wanawake katika uchaguzi wa 1995. Kilichowaudhi wakubwa ni kura za wanawake.

Wengine husema hizi ni harakati za wasomi wa mjini. Zipo dalili za hilo, ingawa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini. Jibu lenye nguvu zaidi liko Shinyanga. Wajane wawili, kwa msaada wa WLAC, walipinga kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinazomnyima mjane fungu katika mali ya mumewe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao haikufika popote, ndipo wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Anayewalaumu kwa kwenda nje aanze kwa kueleza ni mlango gani wa ndani uliokuwa umebaki wazi.