Maziwa mabichi

Maziwa mabichi ni maziwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia ambayo hayajachemshwa wala kupitishwa kwenye mtambo wa kuua vimelea. Afrika Mashariki sehemu kubwa ya maziwa huuzwa hivyo hivyo. Hutoka zizini ndani ya madumu, hubebwa kwa baiskeli au bodaboda, na mengi huishia kwenye chai. Kwa sababu hiyo mjadala wake hapa haufanani na wa Marekani, ambako serikali ya shirikisho ilipiga marufuku mwaka 1987 kuyauza kwa walaji kutoka jimbo moja hadi jingine, na wanaoyataka huyasaka kama bidhaa adimu. Mnunuzi wa Morogoro au Eldoret hana haja ya kuyasaka. Suala lake ni atayafanyia nini yakishafika jikoni.

Faida zinazotajwa

Wanaoyapenda huyasifia ladha, malai, vitamini na vimeng'enya ambavyo moto huviharibu. Kuhusu ladha hawajakosea: jibini za Roquefort na Parmigiano Reggiano hutengenezwa kwa maziwa mabichi kwa makusudi. Kuhusu virutubisho hoja ni dhaifu. Protini, mafuta na kalsiamu hubaki karibu vilevile baada ya kupasteurisha, yaani kuyapasha hadi nyuzi 63 za selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Vitamini B1 na B12 hupungua kidogo. Vitamini C hupungua zaidi, lakini hakuna anayekunywa maziwa ili apate vitamini C wakati machungwa yapo sokoni.

Dai jingine ni kwamba maziwa mabichi hayamsumbui mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, eti kwa kuwa yana laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Hayana. Nafuu wanayoipata watu hao hutokana na mtindi, kwa kuwa bakteria wanaougandisha hula sehemu ya sukari hiyo, na mtindi mzuri hupatikana pia kwa maziwa yaliyochemshwa.

Hoja yenye uzito ni moja tu. Tafiti zilizofanywa Ujerumani, Austria na Uswisi zimeonyesha kwamba watoto wanaokua mashambani wakinywa maziwa yasiyochemshwa hupata pumu na mzio kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Watafiti walijaribu kutenganisha athari ya maziwa na ile ya kuishi jirani na zizi, na uhusiano ukaendelea kuonekana. Hata hivyo hawakushauri mtoto yeyote apewe maziwa mabichi, kwa sababu ya hatari zinazoelezwa hapa chini.

Hatari

Wengi hudhani maziwa yaliyokamuliwa muda huo huo, kutoka kwa mnyama mwenye afya, hayana shaka. Kisiwa cha Malta kilionyesha vinginevyo. Mbuzi walizungushwa mitaani na kukamuliwa mlangoni pa mnunuzi, mbele ya macho yake, na bado askari wa Uingereza waliokuwa kisiwani humo waliugua homa isiyoisha. Daktari David Bruce aligundua kimelea chake mwaka 1887. Ilichukua hadi 1905 kwa Themistocles Zammit kukikuta ndani ya mbuzi wenyewe, wengi wao wakiwa hawaonyeshi dalili yoyote. Jeshi lilipoacha maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, wagonjwa walipungua ghafla.

Ugonjwa huo, brusela, bado upo kwetu. Wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa vile ng'ombe aliyeambukizwa huharibu mimba miezi ya mwisho. Kwa binadamu huleta homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. Kwa kuwa dalili hizo hushabihiana na za malaria au taifodi, mgonjwa anaweza kumeza dawa za magonjwa hayo kwa miezi bila nafuu, ilhali tiba ya brusela yenyewe huchukua majuma sita au zaidi. Mgonjwa wa homa ya namna hii anapofika kituo cha afya, swali la iwapo anakunywa maziwa mabichi lingefaa kuulizwa mapema kuliko linavyoulizwa sasa.

Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia kwenye maziwa. Robert Koch, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, alidai mjini London mwaka 1901 kwamba aina ya ng'ombe si tishio kubwa kwa watu. Tume ya Uingereza iliyolichunguza dai hilo ikaonyesha kuwa amekosea. Kinyesi kikigusa kiwele au mikono ya mkamuaji, huongeza salmonela, kampilobakta na aina za E. koli zinazoweza kuharibu figo za mtoto. Listeria humtishia zaidi mjamzito na mimba yake. Mwaka 2024 virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilikutwa katika maziwa ya ng'ombe nchini Marekani, na paka waliokunywa maziwa hayo yakiwa mabichi walikufa.

Jikoni

Maziwa yakipanda hadi ukingo wa sufuria, vimelea vilivyotajwa hapo juu vimekufa. Yakipata vuguvugu tu ya kumtosha mtoto kunywa, havijafa. Kosa la kawaida huja baadaye, pale maziwa yaliyochemshwa yanaporudishwa katika dumu lile lile la asubuhi, ambalo shingo yake haipitishi mkono wa kusugua ndani. Sufuria yenye mfuniko, au chombo cha alumini chenye mdomo mpana, hufaa zaidi.

Kugandisha peke yake hakutoshi. Asidi ya mtindi huvidhoofisha vimelea vingi, lakini brusela inaweza kuishi humo kwa siku kadhaa. Ndivyo ilivyo kwa mursik ya Wakalenjin, inayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa: wapo wanaoyachemsha maziwa kwanza, wapo wanaoyatia mabichi, na tofauti ya usalama ni kubwa kuliko ya ladha. Anayetaka mtindi salama huchemsha, huacha yapoe, kisha hutia kijiko cha mtindi wa jana uliotengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Moto una mipaka yake pia. Mabaki ya antibiotiki hubaki ikiwa mfugaji ameuza maziwa kabla ya siku za kusubiri baada ya sindano kwisha. Sumukuvu nayo haiharibiwi kwa kuchemsha wala kupasteurisha. Huingia kwenye maziwa kupitia pumba na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mara nyingi hupewa ng'ombe kwa sababu yamekataliwa na watu, kwa hiyo dawa yake iko ghalani na katika kiwanda cha chakula cha mifugo.