Watani wa Jadi: Majina ya Timu Zetu na Njia ya Wapagazi



Hivi karibuni tulimzika mzee mmoja katika kijiji kilicho pembezoni mwa mji wa Tabora. Marehemu alikuwa mpenzi wa Yanga tangu ujana wake. Kabla jeneza halijashushwa, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye ni mtu wa Simba, alisimama kando ya kaburi akiwa amejifunga kitambaa chekundu kiunoni. Akamlaumu marehemu kwa sauti kubwa kwamba amekimbia deni la soda, maana wawili hao walikuwa wamewekeana dau. Waombolezaji walicheka huku wakifuta machozi. Kisha mzee yule akashika koleo, na hakuliachia mpaka tuta lilipokamilika.

Kijana mmoja aliyekuja msibani kutoka mjini alikwazika. Akatujia na kutuuliza: "Baba Paroko, mbona mmemwachia mzee yule alete mambo ya mpira makaburini?" Tulimjibu kwa kifupi kwamba yule ni mtani wa marehemu. Jibu halikumtosheleza, nasi tukaona si haki kumwacha hivyo. Haya yafuatayo ndiyo jibu letu kwa urefu.

Tuanze na neno lenyewe. Timu mbili zinazoshindana kwa muda mrefu huitwa na watu wengine mahasimu. Sisi Watanzania, tunapozitaja Simba na Yanga, tumezoea kusema "watani wa jadi". Neno hilo halikuzaliwa uwanjani. Utani ni taasisi ya kale ya makabila yetu, na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji ni mojawapo ya mahali ulipokomaa.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Hata jina lao, kwa maelezo yaliyozoeleka, walipewa na watu wa pwani: watu wa upande wa mwezi, yaani magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, akatembea kwa miguu takriban kilomita 800 kati ya pwani na Tabora, safari iliyoweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Alipita katika nchi za watu asiowajua. Akiugua njiani, nani atamtunza? Akifa, nani atamzika?

Utani ulikuwa sehemu ya jibu. Wanyamwezi walifungamana kwa utani na makabila waliyokutana nayo safarini, wakiwemo Wazaramo wa pwani. Mtani aliruhusiwa kukutukana bila wewe kukasirika, na hata kuchukua kitu chako akaondoka nacho. Lakini mtani huyohuyo aliwajibika kukupa chakula na malazi, na ulipofikwa na msiba alikuja kufanya kazi za mazishi na kuwachekesha wafiwa ili huzuni isiwazidi. Kwa hiyo utani ulikuwa na pande mbili, ruhusa na wajibu. Aliyechukua ruhusa akaukimbia wajibu hakuhesabiwa kuwa mtani.

Sasa tutazame majina ya timu zenyewe. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 Dar es Salaam kwa jina la Young Africans, yaani Waafrika Vijana. Katika mji wa kikoloni uliowagawa watu kwa rangi zao, jina hilo lilikuwa tamko, na ulimi wa Kiswahili ukalifupisha. Mwaka uliofuata, 1936, ilizaliwa timu ambayo leo tunaiita Simba. Masimulizi yaliyoenea husema kwamba ilitokana na mfarakano wa vijana waliokuwa kitu kimoja. Jina lake la kwanza lilikuwa Queens, yaani Malkia. Baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland kwa kuiga klabu ya Uingereza, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Ndiyo maana kipigo cha mabao 5-0 ambacho Yanga waliwapa watani wao tarehe 1 Juni 1968 kimeandikwa kwa jina la Sunderland. Lakini watu wa Simba walipolipa kisasi cha 6-0 tarehe 19 Julai 1977, walikuwa tayari na jina la Kiswahili.

Yako pia majina ambayo mtu hajipi mwenyewe, bali hupewa na mtani wake. Yanga wameitwa Kandambili, na pia Vyura, kwa kuwa bonde la Jangwani, jirani na makao yao, hujaa maji kila mvua kubwa inyeshapo. Simba nao wameitwa Mikia. Majina haya ni ya kukejeli, lakini mtu wa Yanga anaweza kuitwa chura na jirani yake kwa miaka 30 na wakaendelea kuchota maji kisima kimoja.

Pambano lao linaitwa Dabi ya Kariakoo, kwa sababu klabu zote mbili zina makao yake katika eneo hilo, moja mtaa wa Msimbazi na nyingine Jangwani. Je, Kariakoo ni nini? Ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na wapagazi wakawekwa katika majengo ya soko yaliyojengwa na Wajerumani. Mwezi uleule Wabelgiji waliingia Tabora. Katika vita hiyo wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo, kila tunapoitaja Dabi ya Kariakoo tunawataja wapagazi, ingawa wengi wetu hatujui.

Turudi sasa nyumbani Tabora. Mji wetu umewahi kuwa na timu katika ligi ya juu iliyobeba jina la Milambo, ndiye mtemi Mirambo wa Urambo aliyefariki mwaka 1884. Jina hilo lilikuwa la vita, na maana yake huelezwa kuwa ni maiti. Mwezi Agosti 1871, akiwa katika ugomvi na wafanyabiashara Waarabu waliotawala biashara ya Tabora, askari wake waliingia mjini na kuuchoma kwa sehemu. Mji uliochomwa ukaja kumshangilia aliyeuchoma! Tunadhani hapo kuna hekima. Vizazi vilivyofuata havikusahau moto ule, ila vilimpokea adui wa jana kuwa babu wa wote.

Baadaye ikaja Rhino Rangers, timu ya jeshi iliyocheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Rhino ni faru, na Brigedi ya Faru ndiyo yenye makao yake Tabora. Mwaka 2023 ilipanda timu iliyoitwa Kitayosce, yenye asili ya Kilimanjaro, ikabadilishwa kuwa Tabora United. Wananchi wakaipa jina la utani, Nyuki wa Tabora, kwa sababu misitu yetu ya miombo inasifika kwa asali. Tarehe 7 Novemba 2024 nyuki hao waliwauma Yanga 3-1 ugenini Dar es Salaam, na usiku ule hapa mjini watu hawakulala mapema. Hata hivyo, mwaka 2025 timu ilikwenda kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United. Hatuna ugomvi na mfadhili, maana timu haiendeshwi kwa makofi ya mashabiki. Tunakumbusha tu kwamba jina la makaratasi hubadilishwa kwa barua moja, wakati jina la utani hulindwa na watu. Nyuki wataendelea kuwepo maadamu sisi tunawaita hivyo.

Je, upinzani bila utani unakuwaje? Tutoe mfano wa Scotland, nchi ya David Livingstone, ambaye mwaka 1872 aliishi miezi kadhaa Kwihara, hapahapa karibu na mji wetu. Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, si mbali na Glasgow. Katika jiji hilo, mwezi Novemba 1887, Bruda Walfrid wa shirika la Wamaristi alianzisha klabu ya Celtic ili kupata fedha za kuwalisha watoto maskini. Jina lilichaguliwa kuwaunganisha Waskoti na wahamiaji kutoka Ireland. Mechi ya kwanza, mwezi Mei 1888, ilikuwa dhidi ya Rangers, klabu iliyoanzishwa mwaka 1872, na Celtic wakashinda 5-2. Lakini miaka ilivyosonga, uhasama wa Wakatoliki na Waprotestanti uliingia katika mpira, na wapo waliojeruhiwa, hata kuuawa, kwa sababu ya rangi ya jezi. Jina lililokusudiwa kuunganisha likageuzwa kuwa ukuta. Wakatoliki tusijifanye kwamba ukuta huo ulijengwa na upande mmoja tu.

Sisi hatuko mbali sana na hatari hiyo. Tunasikia matusi yasiyo na kicheko ndani yake, na tunazijua familia ambamo ndugu hawasalimiani kwa sababu ya penalti. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Simba na Yanga zimegombana tangu 1936 na bado tunavuna pamoja, kwa sababu utani umetulinda.

Basi, kijana wetu mpendwa, mzee yule hakuleta mpira makaburini. Alileta utani mahali unapostahili kuwa. Maneno ya soda yalikuwa ruhusa yake, na lile koleo lilikuwa wajibu wake. Ukimzomea jirani yako siku ya dabi, jiulize kama uko tayari pia kulishika koleo hilo. Kama uko tayari, mzomee tu, maana wewe ni mtani wake kweli.