Kitenzi Gawana na Amani ya Burundi

Kitenzi gawana ni mnyambuliko wa gawa katika kauli ya kutendana. Chadai watendaji zaidi ya mmoja, nao wawe ndio wapokeaji. Swali la mwanahistoria ni hili: ni akina nani hao?

Tarehe 28 Agosti 2000 yalitiwa saini mjini Arusha makubaliano ya amani ya Burundi, yaliyosuluhishwa kwanza na Mwalimu Nyerere, kisha na Nelson Mandela. Mpito wa miezi 36 ulianza Novemba 2001: Pierre Buyoya, Mtutsi, aliongoza miezi 18, akampisha makamu wake, Domitien Ndayizeye, Mhutu. Katiba ya 2005 ikaweka ukomo serikalini: Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40.

Hiyo ilikuwa hesabu ya viti. Ng'ambo ya mpaka, katika nyanda za juu za Kigoma, wakimbizi wa kambi za Mtabila, Kasulu, na Kanembwa, Kibondo, walikuwa na hesabu ya mashamba waliyoyaacha. Itifaki ya Nne iliwaahidi marejeo na ardhi. Lakini kiti hugawiwa kwa saini. Shamba lililokwisha kupata mkaaji mpya halirudi kwa saini pekee. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015, mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza uliwaleta wakimbizi wengine Nduta, Kibondo.

Basi tunapofasili kugawana madaraka, tusiishie kwa walioketi mezani. Maadamu mkimbizi wa Kibondo angali mtendwa, kutendana hakujatimia.