Ua wa Ishaqbini

Yakupasa ujue, msomaji, kwamba mfugaji wa Garissa tangu kale huzungushia mifugo yake ua wa miiba, ndama asipotee usiku wala fisi asiingie. Mwaka wa 2012 wenyeji wa Ishaqbini, huko Ijara, pamoja na wahifadhi, walimtendea vivyo hivyo mnyama wa porini: hirola, swala adimu mwenye mstari mweupe usoni kama miwani. Ulijengwa ua mkubwa wa nyaya, wakatiwa humo hirola 48. Usidhani walifungwa kwa utoro. Waliozuiwa hasa ni simba na mbwa mwitu. Baadaye wakazidi mia. Lakini ndama aliyezaliwa humo, asiyepata kumwona simba, afunguliwe lango lini?